Nilimwambia Betri Ni Nzima

Ndugu msomaji, ukipita mtaani kwetu Mji Mpya, hapa Morogoro, ukamwona kijana amevaa suruali yenye matundu matundu kama chujio, usidhani ni fasheni. Ni mimi. Suruali hiyo haikutobolewa na panya wala na umaskini, ingawa umaskini nao upo. Imetobolewa na tindikali ya betri. Tone likikurukia asubuhi hulioni, na kitambaa kinabaki kama hakijaguswa. Siku mama anapokifua na kukikamua ndipo matundu yanapofunguka, moja baada ya jingine, naye anaanza kunung'unika kwamba Mungu amempa mtoto asiyejua kutunza nguo.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, na sioni haja ya kuyataja hapa. Yalikuwa matokeo ya kubaki nyumbani. Kwetu Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, kwa hiyo kesi yangu haikwenda kwa baba, ilikwenda kwa mjomba. Mjomba alinitazama, akalitazama na daftari kubwa nililokuwa naandikia riwaya yangu, akasema, "Mpwa wangu, kuandika si vibaya. Lakini daftari halisongi ugali." Wiki ile ile akanipeleka kwa rafiki yake wa siku nyingi, mzee mmoja fundi wa betri. Huyo ndiye bosi wangu mpaka leo.

Kibanda chetu ni cha mabati, kina benchi moja refu la mbao, chaja kubwa inayonguruma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, na betri zilizopangwa mstari. Zipo za daladala, za bajaji, za malori, na zile za watu wa milimani wanaotumia sola. Bosi husimulia kwamba zamani watu walishuka kutoka Uluguru na betri ya gari kichwani, wakaichaji hapa mjini, wakapanda nayo tena siku ya pili, ili tu wasikilize redio na kuwasha taa moja. Mimi nilipokuwa nasikia hadithi kama hizo nilikimbilia daftari langu chini ya benchi, nikaandika. Kwa mawazo yangu mimi sikuwa fundi. Nilikuwa mwandishi aliyejificha kwa muda kwenye kibanda cha betri, akisubiri siku yake.

Hilo ndilo lililoniponza, na ndilo ninalotaka kulisimulia.

Kwanza niseme kazi yenyewe ilivyo, maana wengi mnapanda magari lakini hamjui kinachoyaamsha. Betri ya gari ina vyumba sita. Kila chumba kina pleti za risasi zilizozama kwenye tindikali iliyochanganywa na maji, nacho hutoa volti mbili na kidogo. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alitengeneza betri ya namna hii mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo. Betri inapotumika, nguvu ya tindikali huingia kwenye pleti, na kinachobaki kinaelekea kuwa maji matupu. Ukiichaji, tindikali hutoka kwenye pleti na kurudi mahali pake. Ukiiacha imeisha kwa wiki kadhaa, pleti zinashika ukoga mweupe unaokuwa mgumu kama chokaa, na hapo hata uichaji usiku kucha, inakupokea kwa mdomo tu.

Bosi alinifundisha kupima kwa hatua nne, na alizirudia kama mwalimu wa madrasa.

Hatua ya kwanza ni macho. Itazame betri kabla hujaigusa. Imevimba? Ina ufa? Vichwa vyake vimeota unga wa kijani au mweupe? Unga huo unaosha kwa maji ya magadi, yale yale mama anayotia kwenye maharage, kwa sababu magadi huua ukali wa tindikali. Ukishakausha, unafunga waya na kupaka grisi juu yake. Unapofungua, waya wa hasi unatoka kwanza. Unapofunga, chanya inatangulia na hasi inamalizia. Si ushirikina. Bodi ya gari imeungwa na hasi, kwa hiyo spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja unaona radi mkononi. Bosi ana kovu la mviringo kwenye kidole cha pete. Pete ya ndoa ndiyo iliyokuwa hapo siku spana ilipoteleza. Tangu hapo pete anaivaa Jumapili tu.

Hatua ya pili ni maji. Unafungua vifuniko na kutazama kama pleti zimefunikwa. Zikiwa wazi unaongeza maji ya betri, yaliyosafishwa kwa mvuke. Huongezi tindikali, kwa sababu kinachokauka ni maji, tindikali yenyewe haiendi popote. Wala huongezi maji ya bomba. Nilibisha siku moja, nikasema maji ya chemchemi za Uluguru ni masafi kuliko ya dukani. Bosi akanijibu, "Masafi kwa tumbo lako. Yana chumvi za mawe ndani yake, na pleti haina tumbo."

Hatua ya tatu ni kipimo cha kioo chenye mpira wa kunyonyea. Unanyonya kidogo kutoka kila chumba, na boya la ndani linaelea kulingana na uzito wa tindikali. Betri iliyojaa husoma karibu 1.26, iliyo nusu husoma karibu 1.19, na iliyoisha hushuka mpaka 1.12. Lakini kikubwa si namba moja. Kikubwa ni vyumba vyote sita kufanana. Chumba kimoja kikiachana na wenzake, hapo pana mgonjwa.

Hatua ya nne ni mita, kisha mzigo. Mita inakuambia volti: 12.6 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imekwisha. Ila mita inasoma betri iliyolala. Kwa hiyo tunacho kifaa kingine, chenye waya mnene unaowaka joto kama pasi. Ukikibana kwenye vichwa, kinainyonya betri kwa nguvu kama stata ya gari inavyofanya. Unahesabu mpaka kumi au kumi na tano ukitazama mshale. Ukishuka chini ya volti 9.6, betri hiyo haifai hata kama mita imeisifia.

"Mtu akiwa amelala hujui kama ni kiwete," bosi alizoea kusema. "Mwamshe, mbebeshe gunia, ndipo utajua."

Basi, nilikuwa nayajua yote haya. Naomba mlikumbuke hilo.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Mvua ya upande wa mashariki wa Uluguru si ya mchezo. Kuna dereva mmoja anaendesha Land Rover ya abiria, dizeli, kuukuu, inayotoka mjini kupitia Bigwa na Kiroka mpaka Mkuyuni, halafu inaacha barabara kubwa na kupanda kijijini kwao. Dereva huyu alikuwa na desturi moja. Hakupaki gari popote isipokuwa kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Asubuhi analiachia, linateremka, anaingiza gia, linawaka. Madereva wengi wa milimani wako hivyo. Shida yake ni kwamba mteremko mzuri uko mbali na nyumba yake, na kila usiku alitembea kwenye matope mpaka kwake, na alfajiri akarudi tena.

Siku hiyo alikuwa ameacha betri yake, ile ya N70, ichajiwe usiku kucha. Bosi alikwenda msibani Kihonda, nikabaki peke yangu. Mvua inapiga bati, wateja hakuna, na mimi niko sura ya saba ya riwaya yangu, mpelelezi wangu anafukuzwa na majambazi gizani. Mkono ulikuwa umepata moto. Wewe unayeandika unaijua hali hiyo, maneno yanakuja yenyewe na huyaombi.

Dereva akaingia, analowa, abiria wanamsubiri. "Dogo, vipi betri yangu?"

Nikaichomoa kwenye chaja. Nikaweka mita. Ikasoma 12.9. Nikasema, "Nzima, kaka."

"Umeipima na mzigo?"

Nikasema, "Nimeipima."

Ndugu msomaji, sikuipima. Kifaa kilikuwa kinaning'inia ukutani, hatua tatu kutoka nilipokaa. Kazi yenyewe haizidi sekunde kumi na tano. Tena nilijua kwamba betri iliyotoka kwenye chaja saa hiyo hiyo hudanganya mita. Inakuwa na nguvu ya juu juu, kama povu la soda, ambayo huondoka ikipumzika saa kadhaa au ukiwasha taa kubwa kwa dakika chache. Hiyo 12.9 ilikuwa povu. Lakini mpelelezi wangu alikuwa anafukuzwa, na mimi nilitaka kurudi kwake.

Dereva akacheka kwa furaha. "Basi leo nalala kama binadamu," akasema, "napaki mlangoni kwangu." Akalipa, akaondoka.

Uwanja wa nyumba yake ni tambarare.

Siku ya kwanza gari liliwaka kwa taabu, akadhani ni baridi ya mlimani. Siku ya pili likawaka kwa taabu zaidi. Usiku wa tatu, kama saa nane, jirani yake alimgongea mlango. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi, mtoto wa kwanza, na mambo hayaendi. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu, lakini lilikuwa limekwisha ondoka na mgonjwa mwingine. Dereva akasema msihofu, gari liko hapa mlangoni. Wakamlaza mama wa watu kwenye kiti. Dereva akawasha.

Tik. Tik. Taa za dashibodi zikazimika.

Wakasukuma. Wanaume sita, kwenye uwanja tambarare, kwenye tope linalofika kwenye vifundo vya miguu, gari la chuma kizito. Halikwenda hata mita ishirini. Kama lingekuwa kwenye mteremko wake wa siku zote, lingewaka hata bila betri ya maana. Mwishowe wakafunga kitanda cha kamba kuwa machela, wakambeba kwa miguu kuelekea zahanati. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye migomba, kwa mwanga wa simu tatu, mvua ikinyesha. Mama yake alipoteza damu nyingi. Walifika zahanati kunapambazuka, kutoka hapo akaletwa mjini, akalala hospitali siku tisa.

Wote wawili wako hai. Naandika sentensi hii mapema kwa sababu najua mnataka kujua. Mimi sikuambiwa mapema.

Dereva alikuja kibandani siku mbili baadaye. Nilitegemea matusi. Hakutukana. Aliiweka betri juu ya benchi, akasema kwa sauti ndogo, "Ipime tena. Nataka nikuone unavyopima." Bosi alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

Nilipima hatua zote nne, mikono inatetemeka. Kwa macho ilikuwa safi. Maji yalikuwapo. Mita ikasoma 12.3. Kipimo cha kioo kikasoma 1.24 chumba cha kwanza, 1.24 cha pili, cha tatu, cha nne. Chumba cha tano kikasoma 1.12. Cha sita, 1.24. Nikabana mzigo. Mshale ukaanguka chini ya 8 kabla sijahesabu tano, na chumba cha tano kikaanza kuchemka na kutoa mapovu kama sufuria ya uji.

Bosi akauliza, "Siku ile uliipima na mzigo?"

Kulikuwa na njia ya kutokea. Ningeweza kusema chumba kilikufa baadaye, mlimani, kwa mitikisiko. Hutokea, pleti huvunjika kwa mabonde. Hakuna ambaye angenipinga. Nililiona jibu hilo likiwa limekamilika kichwani, limepangwa vizuri kama aya ya riwaya.

Nikasema, "Sikuipima."

Hapo ndipo dereva alipokaa kwenye gudumu kuukuu tunalokalia wageni, akanisimulia yote, kuanzia mlango kugongwa. Alinisimulia polepole, bila kuruka. Alipofika kwenye migomba alinyamaza kidogo, na mimi nilidhani anataka kuniambia mtoto alikufa. Sijawahi kusubiri sentensi ya mtu kama nilivyoisubiri ile.

Bosi alimpa betri nyingine nzima, na gharama yake nikakatwa mimi kwa miezi minne. Hakunifukuza. Alisema nikifukuzwa nitaenda kuwa mwongo kwenye kibanda cha mtu mwingine, afadhali niwe mkweli kwake. Kisha akaongeza jambo nililolichukia wakati ule. Aliliokota daftari langu chini ya benchi, akaliweka juu ya kabati, akasema litashuka saa kumi na mbili jioni, betri zote zikishapimwa.

Jumapili moja, mwezi wa sita, nilipanda na ile Land Rover kwenda kuomba radhi. Mjomba aliniambia jambo la namna hii haliombewi radhi kwa simu. Nilibeba sukari, sabuni na kanga moja. Nyanya wa mtoto alinipokea, akanitazama suruali, akauliza, "Wewe ndiwe uliyesema nzima?" Nikasema, "Ni mimi, bibi. Nisamehe." Hakusema amenisamehe. Alinipa mtoto nimshike. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alinusa maziwa na moshi. Baadaye nikatoka nje nikahesabu hatua kutoka uwanja ule mpaka kwenye mteremko. Zilikuwa mia mbili na kumi. Nimewahi kuandika kurasa nyingi ambazo hazina uzito wa hatua hizo.

Siku hizi kila betri inapita hatua nne, iwe ya lori au ya sola ndogo ya bibi wa Kinole. Iliyotoka kwenye chaja naiacha ipumzike kwanza, mteja akasirike asikasirike. Kinachosomeka nakiandika kwa chaki juu ya betri yenyewe, vyumba vyote sita, ili mwenye mali aone kwa macho yake. Betri iliyokufa haturuhusu watoto waichezee wala waivunje kutafuta risasi, kwa sababu risasi ni sumu. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakaumia, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na suruali yangu ya kazi siku hizi naifua mwenyewe, mbali na nguo za wadogo zangu. Mama amefurahi, ingawa hajui sababu yote.

Sasa nije kwenye uandishi, maana najua ninyi wenzangu ndicho kilichowaleta kwenye kurasa hizi.

Riwaya yangu nilikuwa nimewasomea washikaji wa kijiweni, na wote walisema ni kali. Dada yangu alisema ni kali. Nikaamini. Kumbe nilikuwa nimeipima ikiwa imetoka kwenye chaja, kwa watu wanaonipenda, wakiwa wameshiba. Jioni moja dereva wangu alikuwa anasubiri betri ipumzike, daftari limeshashuka kabatini, nikamwomba nimsomee sura ya saba, ile ile niliyokuwa naiandika siku ya uongo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mpelelezi anakimbia, anaruka ukuta, anaingia kwenye gari, linawaka, anapotea gizani.

Dereva akauliza, "Hili gari lake huwaka kila mara?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Analipaki wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika sura saba na sikujua mtu wangu anapaki wapi, betri yake ina umri gani, nani alimwambia ni nzima. Sura yote ilianguka chini ya 9.6 pale pale.

Nimeiandika upya mara tatu. Sasa gari haliwaki, na mpelelezi anabaki kwenye uwanja tambarare, mvua inanyesha, majambazi wanakuja, naye anamkumbuka kijana mmoja wa kibandani aliyemtazama usoni na kumwambia neno moja. Bado haijakamilika. Nikimaliza nitampelekea mtu asiyenijua na asiyenipenda.

Dereva naye ana betri mpya, niliyoipima mbele yake, vyumba vyote sita sawa. Nilimwambia anaweza kupaki mlangoni kwake bila wasiwasi. Akanishukuru, akaipakia, akaondoka. Nasikia bado anapaki kwenye mteremko, pua chini, halafu anatembea hatua zile mia mbili na kumi kwenye tope. Simlaumu.